Misingi ya Zamani na Sheria za Leo

Ndugu wasomaji, mwaka 1967 ni zamani sasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni babu au bibi. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmelisikia Azimio la Arusha kwa wazee tu, au katika nyimbo za zamani zinazopigwa redioni siku za sikukuu.

Kwa hiyo watu wamegawanyika. Wako wanaosema, "Ah, hayo ni mambo ya kale, yamekwisha." Na wako wanaosema, "Turudi kwenye misingi! Tumepotea!" Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba wote wawili wanaishia hapo hapo. Wa kwanza haelezi nini kimekwisha. Wa pili haelezi turudi wapi, wala kwa njia gani.

Sisi tunataka kuuliza swali lingine, nalo ni la mtu mwenye shida yake mkononi. Mjane anafukuzwa shambani. Mkulima anaambiwa eneo lake limekwisha kutolewa kwa mwingine. Binti anaozwa angali mdogo. Je, maneno yale ya zamani, usawa, utu, jasho, dhamana, yanaweza kumsaidia mtu huyo leo mbele ya baraza au mahakama? Au ni maneno ya kupamba hotuba tu?

Jibu letu ni kwamba yanaweza kumsaidia, lakini hayatembei yenyewe. Hebu tutazame jambo hili hatua kwa hatua.

MISINGI YENYEWE NI IPI?

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Ndiyo maana tunaadhimisha Saba Saba. Katika katiba yake chama kile kiliandika imani zake. Baadaye, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio likatangazwa. Imani zile zikawekwa mwanzoni mwa Azimio.

Tukizisema kwa maneno yetu wenyewe, imani kubwa ni hizi. Kwanza, watu wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima kwa sababu ni mtu. Pili, kila raia ana haki ya kushiriki katika kuiendesha nchi, kuanzia kijijini mpaka taifa. Tatu, kila mtu ana haki ya kulindiwa maisha yake na mali yake, na kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Nne, utajiri wa asili wa nchi ni wa raia wote, nao wameushika kama dhamana kwa ajili ya watoto wao na wajukuu wao. Tano, kiongozi yupo kuwatumikia watu, wala cheo si mlango wa kujitajirisha.

Neno "dhamana" tulishike vizuri. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, wewe umepewa dhamana. Unawalisha, unawalinda. Lakini huwezi kuwauza kana kwamba ni wako. Akirudi atakuuliza.

MSINGI NI KITU KIMOJA, SHERIA NI KITU KINGINE

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu anasimama mbele ya hakimu na kusema, "Azimio lilisema watu wote ni sawa!" Hakimu atamsikiliza, kisha atamuuliza, "Sawa. Sheria gani inasema hivyo?"

Msingi ni imani. Unaonyesha njia. Sheria ni amri iliyotungwa na Bunge, na mahakama inaweza kumlazimisha mtu kuifuata. Imani ikibaki imani tu, mwenye nguvu anaweza kuisifu asubuhi na kuikanyaga jioni.

Hata waasisi wetu walipita katika jambo hili. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yetu haikuwa na orodha ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kwenda nayo mahakamani. Viongozi walisema nchi ilikuwa changa, ilikuwa na kazi nyingi, na haki zile zingeweza kuifunga serikali mikono. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 katiba ya TANU ikaambatanishwa na Katiba ya Muda ya nchi. Imani zikawa zimeandikwa, lakini raia hakuwa na njia ya kuzidai mahakamani.

Katiba tunayoitumia ni ya mwaka 1977. Nayo mwanzoni haikuwa na haki hizo. Ziliingizwa mwaka 1984, baada ya watu kujadili sana. Hata hapo serikali ilipewa miaka mitatu ya kujitayarisha, na raia akaweza kuzitumia mahakamani kuanzia Machi 1988. Hesabuni wenyewe. Tangu uhuru mpaka siku ile ilipita zaidi ya miaka 26.

Ukiifungua Katiba leo utakuta sehemu mbili zinazokaribiana. Sehemu moja inaeleza malengo ya taifa, na ujamaa na kujitegemea umo humo. Lakini ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu ile hayawezi kudaiwa mahakamani. Yanaiongoza serikali, basi. Sehemu inayofuata, kuanzia ibara ya 12, inaeleza haki na wajibu: usawa, uhai, uhuru wa mawazo, haki ya kumiliki mali. Haki hizi zinadaiwa mahakamani.

Kwa hiyo ukitaka kuutumia msingi wa zamani, uliza kwanza: umeingia wapi katika sheria? Sasa tuone watu waliouliza hivyo, na yaliyowapata.

MAMA WA MULEBA

Mama mmoja wa Kihaya, wa wilaya ya Muleba, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake. Baba alimwachia kwa wosia. Mama akazeeka, akawa hana mtu wa kumtunza. Mwezi Agosti 1988 akaliuza shamba kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo.

Mara ndugu mmoja wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo. Akasema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza shamba la ukoo. Na alikuwa na karatasi ya kumsaidia. Mwaka 1963 serikali iliziandika mila za urithi ziwe kanuni. Kanuni hizo zilisema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini asiliuze. Mwanamume aliruhusiwa kuuza, ila kama amemuuzia mtu wa nje bila ridhaa ya ukoo, ndugu waliweza kulikomboa kwa kurudisha bei.

Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na yule ndugu. Mama akaambiwa arudishe fedha. Hakukaa kimya. Akakata rufani Mahakama ya Wilaya, akashinda. Ndugu naye akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu. Alisema Katiba sasa inakataza ubaguzi, na sheria za zamani lazima zisomwe kwa namna inayopatana na Katiba. Basi uwezo wa mwanamke wa kuuza shamba la ukoo ni sawa na ule wa mwanamume. Shamba likabaki limeuzwa.

Lakini tazameni vizuri. Jaji hakuutupa ukoo nje. Alisema kama ukoo unalitaka shamba, ulikomboe kwa kurudisha zile shilingi 300,000, kama ambavyo ungefanya endapo muuzaji angekuwa mwanamume. Mila ya kukomboa ilibaki. Kilichoondoka ni ubaguzi uliokuwa ndani yake.

Hili ni somo kubwa kwetu. Mtu akisema, "Usawa unaua mila zetu," tumwambie habari ya Muleba. Mila ni kama shamba la mahindi. Kupalilia si kung'oa mahindi.

Na kuna jambo jingine la kufikiri. Kanuni zile za mila ziliandikwa mwaka 1963, wakati ule ule ambapo imani ya usawa ilisomwa katika mikutano. Watu waliimba usawa, na karatasi ya serikali ikamnyima mwanamke shamba. Msingi na sheria vilikaa pamoja miaka 27, vikipingana, mpaka mama mmoja mzee alipokata rufani.

WAJANE WAWILI WALIOSHINDWA

Msidhani kila anayekwenda mahakamani hushinda. Wajane wawili walifiwa na waume zao, kisha wakafukuzwa nyumbani na shemeji zao. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zile zile za mila. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zina ubaguzi. Hata hivyo haikuzifuta. Ilisema si rahisi kuzibadili mila kwa hukumu ya mahakama. Wakakata rufani. Mwaka 2010 rufani yao ikatupwa kwa kasoro iliyokuwamo katika karatasi za kesi.

Wajane hawakuchoka. Wakapeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilivunja ahadi iliyoiwekea sahihi, na ikaitaka iwape wajane wale fidia na kuzirekebisha kanuni zile.

Mnaona? Katiba ilikuwa ile ile. Msingi ulikuwa ule ule. Jaji wa mwaka 1990 aliona kwamba mahakama inaweza kuisahihisha mila. Mahakama ya mwaka 2006 iliona kwamba hiyo si kazi yake. Ndiyo maana haifai kuwaachia majaji peke yao jambo hili. Bunge linatunga sheria, na wabunge tunawachagua sisi. Wosia tunaandika sisi. Vikao vya ukoo tunakaa sisi.

BABA NA MWANA WA ARUSHA

Sasa tuje kwenye ardhi na jasho.

Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu alichokiita "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa hii. Ardhi hakuitengeneza mtu. Ni zawadi ya Mungu kwa wote, kwa hiyo si haki kuifanya bidhaa ya kuuzwa kama shati. Lakini mtu akifyeka pori kwa nguvu zake, akalima na kupanda, lile jasho ni lake, na faida ya jasho hilo ni haki yake.

Miaka ikapita. Kati ya mwaka 1973 na 1976 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wengi walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Wengi wakapewa mashamba yaliyokuwa ya watu wengine. Miaka ya 1980 wenye mashamba ya zamani wakaanza kudai mahakamani. Baba mmoja na mwanawe, wa mkoa wa Arusha, walifungua kesi mwaka 1987, wakashinda.

Serikali ikaona hatari. Kila mtu akirudishiwa shamba la zamani, vijiji vitavunjika. Na wale waliopewa mashamba hayo watakwenda wapi? Nao ni wananchi, nao wamelima. Basi mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za zamani za kimila katika vijiji vile, bila fidia kwa ardhi yenyewe, na kuzuia kesi zisiendelee.

Baba na mwana wakaipinga sheria hiyo. Serikali ilijibu kwamba haki ya kimila ya kukaa juu ya ardhi si mali, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma. Shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake.

Jaji Mkuu alifanya nini? Alilirudia andiko lile la Mwalimu la mwaka 1958. Mahakama ikasema kwamba haki ya kimila ni mali, na Katiba inailinda katika ibara ya 24. Mtu aliyeitolea ardhi jasho lake, hata kama hajajenga kitu juu yake, asinyang'anywe bila fidia ya haki. Ikasema pia kwamba kumfungia mtu mlango wa mahakama ni kinyume cha Katiba. Kuhusu ardhi kuwa chini ya Rais, mahakama ilieleza kwamba Rais ameishika kwa dhamana tu. Mwenye dhamana hawezi kuitumia mali kwa kuwaumiza wenyewe.

Hapa ndugu wasomaji tunaona msingi wa zamani ukifanya kazi. Andiko lilitungwa kuwapinga wakoloni na walanguzi wa ardhi. Miaka 36 baadaye likamlinda mkulima mbele ya serikali yake mwenyewe.

Mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili mpya za ardhi kwa Tanzania Bara, nazo zikaanza kutumika Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilijaribu kuwatazama wote wawili, aliyenyang'anywa na aliyepewa. Ilithibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, ili watu wasiendelee kufukuzana. Lakini kwa mambo yajayo ilisema ardhi ina thamani, na anayenyang'anywa lazima alipwe fidia kamili na kwa wakati.

SHERIA YA WAASISI NAYO IKAPIMWA

Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa iliziweka ndoa za dini zote na za kimila chini ya sheria moja. Lakini ilisema mwanamume aoe akiwa na miaka 18, na mwanamke anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, mzazi akikubali.

Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo vinavunja usawa ulio katika Katiba. Serikali ikakata rufani. Ilisema umri ule uliwekwa kwa kuheshimu mila na dini za watu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo, ikaiagiza serikali vifungu virekebishwe.

Tunajifunza nini? Kuheshimu waasisi si kukumbatia kila sheria waliyotunga. Walitupa kipimo, na kipimo kile kinaweza kuipima kazi yao wenyewe. Fundi aliyekuachia timazi hakasiriki ukiitumia kupima ukuta alioujenga yeye.

MSINGI ULIOLEGEZWA

Si kila msingi umepata nguvu zaidi. Mmoja ulilegezwa.

Azimio la mwaka 1967 lilimwekea kiongozi masharti. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti haya. Walioyalegeza walisema hali ya uchumi imebadilika, na mtu hawezi kuishi kwa mshahara mmoja. Waliopinga walisema sasa kiongozi na mfanyabiashara watakuwa mtu mmoja.

Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria hii haimkatazi kiongozi kuwa na mali. Inamtaka aseme kwa maandishi ana mali gani na madeni gani. Mawaziri, wabunge na madiwani ni miongoni mwa wanaopaswa kufanya hivyo.

Tofauti ni kubwa. Zamani swali lilikuwa, "Je, unayo?" Sasa swali ni, "Je, umesema unayo, na uliipataje?" Lipi ni bora? Hilo mlijadili. Lakini hata swali la pili halina maana kama hakuna anayeuliza.

MAMBO AMBAYO WAASISI HAWAKUYAJUA

Mwaka 1967 hapakuwa na simu ya mkononi. Leo mtu anakopa kwa simu usiku, bila kuonana na mkopeshaji. Akichelewa kulipa, wengine hutuma ujumbe kwa ndugu zake, majirani zake, hata mchungaji wake: fulani ni mdaiwa, mwambieni alipe. Mtu anavuliwa nguo mbele za watu.

Je, msingi wa zamani una neno hapa? Unalo. Heshima ya utu haikuandikwa kwa ajili ya simu, lakini simu haikuifuta. Deni ni deni, lazima lilipwe. Lakini mdaiwa angali mtu. Katiba, katika ibara ya 16, inalinda siri na faragha ya mtu. Na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023. Inasema habari za mtu, kama jina, namba na picha yake, hazikusanywi wala hazitawanywi ovyo. Ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Ndivyo msingi unavyofanya kazi. Bati limechukua mahali pa nyasi, taa ya umeme mahali pa kibatari, lakini nyumba imesimama pale pale.

KIJIJINI KWETU TUFANYE NINI?

Hukumu ya Mwanza au ya Dar es Salaam haiji kijijini yenyewe. Inaletwa na watu wanaojua kusoma, nanyi ni hao. Haya ni mambo manne ya kushika.

La kwanza. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata na kutumia ardhi haina nguvu. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20. Mzee wa ukoo akisema, "Kwetu mwanamke hapewi shamba," mjibuni kwa adabu kwamba sheria imelikataza jambo hilo tangu Mei 2001.

La pili. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kwa dhamana. Haiwezi kugawa ardhi hiyo bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali kwanza. Na Mkutano Mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo mwenyekiti akileta mgeni na kumwonyesha pori jioni, ulizeni: mkutano upi ulikubali? Muhtasari uko wapi? Tusomeeni.

La tatu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Hesabuni wanawake katika baraza lenu. Kama hawafiki watatu, semeni mkutanoni.

La nne. Andikeni. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kuwa na jina la mke na la mume. Wosia unaweza kumtaja binti, na mashahidi wakaweka sahihi zao. Yule mama wa Muleba aliachiwa wosia na baba yake, na wosia ule ndio uliompa pa kuanzia. Jasho lisiloandikwa ni rahisi kulikana.

Tunajua si rahisi. Mjane anayemshtaki shemeji yake ataendelea kuchota maji kisima kimoja naye. Mwanakijiji anayeuliza muhtasari anaweza kuitwa mchochezi. Kwa sababu hiyo tunashauri mtu asiulize peke yake. Kundi la kisomo lisome kifungu kwanza, kisha liende mkutanoni pamoja. Umoja ni nguvu, nao ni msingi wa zamani vile vile.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni tofauti gani iko kati ya msingi na sheria? Toeni mfano mmoja wa kijijini kwenu.

2. Jaji Mwalusanya aliondoa ubaguzi katika mila, lakini aliiacha haki ya ukoo ya kukomboa shamba. Je, mnakubaliana naye? Kwa nini?

3. Serikali mwaka 1992 iliogopa vijiji kuvunjika. Wenye mashamba ya zamani walitaka haki yao. Kama mngekuwa ninyi Bunge, mngetunga sheria gani ili pande zote mbili zisionewe?

4. Kipi kinafaa zaidi: kumkataza kiongozi kuwa na biashara, au kumruhusu lakini aieleze mali yake?

5. Mkutano Mkuu wa Kijiji wa kawaida hufanyika kila miezi mitatu. Wenu wa mwisho ulifanyika lini? Nani aliusoma muhtasari wa mambo ya ardhi?

Mwenye kujua kuandika vizuri ayaandike majibu ya swali la tano katika daftari la kikundi. Mkutano ujao mwende nalo.